Karibu, Mgeni

Tangu mjukuu wake azaliwe jana asubuhi, Bi Mwanakheri alikuwa haachi kumwambia, "Karibu, mgeni." Alipokuwa ameshakunja kanga za kurudi nyumbani, nesi Dafroza akaingia wodini na karatasi ya majibu.

"Hamtoki leo, bibi. Damu tuliyomtoa kisiginoni inasema kuna mgeni."

"Mgeni si ndiye huyu?" Bi Mwanakheri akacheka. "Hana homa, ananyonya kama ndama."

"Huyu mwenyeji. Mgeni ni ugonjwa, umo ndani. Homa bado, lakini damu imeshajipanga kupigana. Tukichelewesha sindano tutampoteza."

Kicheko kikamkauka. Alizikumbuka zile "karibu" zote alizotoa, akajiuliza ni nani aliyeziitikia.

Nesi akachoma sindano. Mtoto hakulia. Alikodolea macho pazia la mlangoni bila kupepesa.

"Hodi," ikasema sauti nyembamba nje ya pazia.

Mama mtoto akafumbua kinywa kuitikia. Bi Mwanakheri akamziba kwa kiganja, huku akisoma dua kimoyomoyo.

Hakuna aliyebisha hodi tena. Pazia likatulia, kisha likaanza kuvimba taratibu kuelekea ndani, na siku hiyo hapakuwa na upepo.