Kibao Kinachotazama Stendi

Saumu alifungua daftari juu ya meza yenye unga. "Shangazi, kabla ya kibao cha biashara na bei, tuandike kwanza mteja wetu ni nani."

Bi Mwanaheri, mpika mikate ya sinia, hakuhitaji kufikiri. "Ni mwanamume. Anapenda iliki nyingi, na mkate ulioungua kidogo pembeni. Atashuka basi la asubuhi na mkoba mmoja tu."

Kalamu ilisimama. "Shangazi, huyo ni mumeo. Mwaka wa tisa huu hajarudi."

"Wewe andika."

"Haya. Kibao kielekee sokoni, wanakopita watu."

"Kielekee stendi."

Kikapigiliwa hivyo. Watu wa sokoni wakawa wanaona mgongo wa ubao mtupu. Wachache waliofuata harufu walinunua mikate yote isipokuwa mmoja uliobaki dirishani, umeungua pembeni.

"Na huo je?" mama mmoja aliuliza.

Bi Mwanaheri aliinamia sinia zake.

"Huo una mwenyewe," alijibu Saumu.

Basi likapiga honi stendi. Wote watatu, hata yule mnunuzi, wakageuka kutazama.