Mume wa Kanyiva

"Mume wa Kanyiva! Yuko wapi?"

Nesi alikuwa ameita mara tatu kupitia dirisha dogo. Ndolo alisikia tangu ya kwanza, lakini miguu ilikuwa imevimba na kiatu kimoja kilikataa kuingia. Wiki tano kwenye benchi moja zinachosha hata mifupa. Mwishowe aliinuka hivyo hivyo, kiatu mkononi.

Asubuhi hiyo Kanyiva alikuwa ameanza kutokwa na damu. Mapacha walikuwa na wiki ishirini na tisa tumboni. Daktari alikuwa akiomba angalau wafike thelathini na nne.

Ndolo alimwoa Kanyiva miaka sita iliyopita huko Nuu, ili boma la marehemu Mwau lisikose mrithi. Ndoa ya kwanza ya Ndolo ilikuwa imekwenda miaka ishirini na miwili bila mtoto. Safari hii alichagua msichana mwenye afya, akapeleka mbuzi kwao, na mchungaji akamkemea mbele ya kanisa zima. Ndolo hakuhama kanisa. Aliketi palepale kila Jumapili mpaka mchungaji akachoka.

Miaka mitatu ikapita bila mimba. Picha za hospitali zikaonyesha mirija imeziba, na kizazi chenyewe kimegawanywa na ukuta katikati. Kanyiva alizaliwa hivyo. Watu wa Nuu wakapata la kusema.

"Mrudishe kwao wakupe mdogo wake," walimwambia Ndolo sokoni, wakicheka.

Ndolo aliuza fahali, wakaenda kliniki Nairobi. Kwa kuwa mbegu haingetoka kwa Ndolo, mtu mmoja wa ukoo wa Mwau alikubali kusaidia na kufunga mdomo. Kliniki ikapandikiza viinitete viwili, kimoja kikikataa kingine kishike. Vikashika vyote, kila kimoja upande wake wa ukuta.

Ndolo alifurahi peke yake. Daktari alitazama picha akakuna kichwa. Nafasi ni ndogo, alisema. Watoto wanaweza kuja mapema mno, na mama anaweza kuvuja damu. Wakashona mlango wa kizazi, wakamlaza Kanyiva wodini.

Tangu siku hiyo Ndolo alimnywesha uji, alimwogesha, alimsuka nywele zisije zikashikana kwenye mto. Jioni wanaume walifukuzwa wodini. Ndolo hakuna aliyemfukuza.

Leo, kabla kitanda chake hakijasukumwa kwenda chumba cha upasuaji, Kanyiva alimshika mkono.

"Hawa wakikufa, utanirudisha kwetu?"

Kitanda kikaondoka kabla Ndolo hajajibu. Hilo ndilo lililomuuma kuliko miguu.

Nesi wa dirishani alikuwa mgeni, ameanza zamu leo. Alikuwa akiandika bila kuinua macho.

"Wewe ni wa Kanyiva?"

"Ni mimi."

"Anapasuliwa saa hii, na amezidiwa, hawezi kushika kalamu. Damu ikikataa kusimama watatoa kizazi. Na hao watoto ni wadogo sana, sitakudanganya. Anaweza kukosa hao na asipate wengine tena. Umeelewa?"

Ndolo alishika ukingo wa dirisha. Alifikiria boma lile kubwa na geti lake, na nyasi zitakazoota uani. Alifikiria kicheko cha sokoni. Alikuwa amechoka, na katika uchovu ule alishangaa kuona kwamba hakuna hata kimoja kilichomtisha kama kitanda cha Kanyiva kurudi kitupu.

"Watoe kizazi, watoe chochote," alisema. "Yeye waniachie. Na akiamka aambiwe simrudishi popote."

"Sawa. Basi mume atie sahihi hapa."

Nesi alisukuma fomu, akainua kichwa kwa mara ya kwanza. Akamtazama Ndolo, kisha akatazama nyuma yake, kwenye benchi la wanaume.

"Yuko wapi sasa? Si nimeita mume? Wewe ni mama mkwe?"

Ndolo aliweka kiatu chini, akafunga leso yake vizuri kiunoni, akachukua kalamu.

"Mume wangu Mwau alikufa bila mrithi. Mbuzi za mahari ya Kanyiva nilipeleka mimi, sista," alisema. "Nionyeshe pa kutia sahihi."