Upepo wa Tangi

Mota iliwaka, ikazima, ikawaka tena, na maji ya bombani yakatoka kwa kukohoa.

Gelasius alikaa mlangoni pa kibanda cha pampu, amechoka. Kisima kilishafunikwa kwa zege. Mota ikiungua, mkewe atarudi kuchota mtoni na mimba yake ya miezi saba.

Fundi aliyeifunga mota hiyo na tangi la presha kando yake alisharudi Tabora. Neno lake la mwisho lilikuwa, "Presha ikiyumba, lipe tangi upepo." Kwa hiyo Gelasius alitoboa dirisha kibandani, na wiki nzima mlango ulikaa wazi.

"Upepo umeingia?" mkewe aliuliza, ndoo mkononi.

"Umeingia mpaka nimepata mafua."

Mkewe hakucheka. Aliminya tairi la baiskeli iliyoegemea ukutani. "Na hili nalo halina upepo. Nipe pampu nilijaze, niende mtoni."

Gelasius aliichukua pampu, lakini hakumpa. Alikuwa anatazama juu ya tangi, kwenye kifuniko kidogo cheusi ambacho siku zote alikipangusa vumbi tu. Alikifungua taratibu. Ndani palikuwa na valvu, sawasawa na ya tairi.

"Weka ndoo chini, mama," alisema.