Homa Isiyokuja

Bi Kibibi aliingia chumbani mwa daktari akiwa amembeba mjukuu wake, mkwewe akimfuata nyuma, na hata shikamoo hakuiitikia.

"Daktari, mwanangu ameoa mzembe. Mtoto analiwa na jipu, mama mtu anamtazama tu!"

"Shani hakuwa na homa, Mama," Tunu, yule mkwe, alijitetea kwa sauti ya chini. "Kila asubuhi nilimgusa paji la uso."

"Jipu lisilo na homa! Umeliona wapi?"

Daktari Hidaya, msichana mwenye utulivu wa kustahiwa, aliweka mezani mnara wa vipande vya mbao vilivyopandana kwa kuzunguka. Alieleza kwamba kwenye utando wa seli, yaani ngozi yake ya nje, yupo mlinzi amtambuaye kijidudu, lakini hawezi peke yake kupeleka habari ndani. Protini viunganishi ndizo zinazojipanga hivi, moja juu ya nyingine, mpaka habari ifike na mwili upate moto.

"Shani alizaliwa bila hii," alisema, akachomoa kipande cha chini. Mnara wote ukaporomoka. "Homa isingekuja, Bibi, hata ungemgusa wewe. Tutampa dawa za kumkinga, nanyi mtakuwa macho yake: mtamkagua ngozi kila siku."

Bi Kibibi alivitazama vile vipande. Kwa mazoea, mkono wake ulielekea kwenye paji la uso la mtoto. Ukasita hewani, ukashuka, ukaanza kufungua vifungo vya gauni la Shani, kimoja kimoja.

"Tunu, mwanangu," alisema, "sogea tutazame pamoja."