Bakuli la Pili

Fumiko, mhariri wa katuni za Kijapani, alisimamisha mkanda pale msichana wa katuni, baada ya kujipakulia wali, alipoweka bakuli la pili mbele ya picha ya baba yake.

"Kata," alisema Harlan, bosi wake, akiwa amesimama mlangoni. "Huyo baba hajafa. Amesafiri."

"Alizama baharini, Bwana Harlan. Mazishi yake uliniamuru niyakate kwenye sehemu ya tatu. Mtoto akabaki analia bila sababu, ukaniamuru nikate na machozi. Sasa hii ni ya kumi na mbili na bado anampakulia baba yake wali kila asubuhi, kama tunavyowapakulia wafu wetu kule Japani. Nikate mpaka lini?"

"Mpaka aache kupakua! Hapa ni Marekani. Mtoto aliyeamka Jumamosi kutazama katuni haonyeshwi kifo." Akamtupia rundo la bahasha mezani. "Barua za watazamaji. Soma uone wanavyokipenda kipindi, labda utaacha kuninunia."

Fumiko aliifungua ya juu kwa hasira, hata ikachanika pembeni. Ilikuwa na mchoro wa penseli za rangi: watoto wawili, mmoja wao yule msichana wa katuni, wameketi kwenye ngazi za nyumba, wakitazama barabara tupu. Chini yake mtoto alikuwa ameandika:

"Baba yangu naye wananiambia amesafiri. Baba yake msichana akirudi, naomba mumuulize kama walikuwa pamoja."

"Umeona?" Harlan alisema, bila kuisoma barua. "Haya, kata."

Kwenye skrini, mvuke wa wali ulikuwa umeganda hewani. Kidole cha Fumiko kilikuwa juu ya kitufe cha kukata, macho yake bado kwenye barua.