Kofia ya Masikio ya Nadhifa

Siku Hemedi alipozikwa, binti yake Nadhifa, mwenye usonji, hakudondosha chozi. Alikaa mlangoni akipanga vizibo vya soda. Mawifi wakamnong'oneza Salha, mama yake, "Huyu hana uchungu na baba yake."

Jioni ile Salha akavaa kofia anayopewa kila mzazi wa mtoto asiyezungumza, asikie yote anayoyasikia mwanawe, ya nje na ya kichwani. Friji ilinguruma kama mashine ya kusaga. Chini ya ngurumo hiyo, Hemedi alikuwa mlangoni akikohoa, akivua viatu, akivua tena, wala haingii.

Siku hizi Salha haivui kofia. Nadhifa huivuta kwa mikono miwili.

"Subiri kidogo, mwanangu," Salha humwambia. "Anakaribia kuingia."