Nchi Isiyo na Baridi

Uzi ulikuwa umemkataa tena. Bibi Cherehani aliulamba, akaunyoosha, akautafutia tundu la sindano, ukapita pembeni.

"Lete hapa, mwenzangu," alisema muuza mkaa, jirani yake wa kibarazani. Alijifuta vidole kwenye khanga, akaitunga sindano kwa mkupuo mmoja na kumrudishia. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini kwenye sindano alinyamaza.

Gauni lililokuwa mezani lilikuwa la mama wa ghorofani, katika lile jengo jipya la upande wa pili wa barabara. Bibi Cherehani hakuwa amewahi kuonana naye. Nguo huletwa na dada wa kazi, na mara nyingi huja na bakuli la chakula, limefungwa kitambaa lisimwagike.

"Yule mama ana moyo," alisema Bibi Cherehani, akilipapasa gauni. "Na dada anasema ni yatima. Aliolewa hapo hana baba, hana mama, hana hata shangazi wa kumshika mkono."

"Ndiyo maana ana huruma. Aliyefiwa hafundishwi kulia."

Kwa nguo za mama huyo Bibi hakuhitaji macho. Vidole vyake vilikwishamjua. Kiuno chembamba, mikono mirefu, bega la kushoto limeshuka kidogo. Hapo hupunguza pamba ya bega moja na kuongeza ya jingine, gauni likae sawa, watu wasione.

Simu ikaita.

"Ng'ambo huyo!" muuza mkaa alipiga kofi. "Pokea upesi, asije akabadili mawazo."

Ng'ambo lilikuwa jina ambalo mtaa ulimpa binti wa pekee wa Bibi Cherehani, tangu alipoaga kwamba anakwenda kufanya kazi kwenye kinchi kimoja kidogo cha joto, mbali, katikati ya bahari. Hakurudi hata baba yake alipozikwa. Lakini kupiga simu hupiga, na Bibi huliweka hilo kwenye hesabu ya wema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huko kwema?"

"Kwema. Joto tu. Huku hakuna baridi mwaka mzima. Mgeni anashauriwa avae nguo nyepesi za pamba, na kofia. Maji lazima yachemshwe."

"Hata ya kupigia mswaki?"

"Hata ya kupigia mswaki."

Bibi Cherehani alimgeukia jirani. "Hata ya kupigia mswaki!"

Muuza mkaa akaguna kwa heshima.

"Na nchi yenyewe ni ndogo vilevile?"

"Ndogo, mama. Ukitoka na gari asubuhi unaizunguka yote, na chakula cha mchana unakula pale pale ulipoanzia safari. Wenyeji ni wakarimu. Ila ukitaka kumpiga mtu picha, unamwomba ruhusa kwanza."

"Mwanangu nawe! Unaongea kama redio." Bibi alicheka mpaka akakohoa. "Niambie wewe. Unakula? Unalala? Lile bega lako je?"

"Haliumi, mama."

"Nilikubebesha ndoo ungali mdogo mno. Basi tu, maji yalikuwa mbali." Aliegemea cherehani, akashusha sauti. "Sikiliza. Daktari amenichungulia macho. La huku limekwisha, na hili lililobaki linafuata. Anasema halina dawa. Watu nawaona kama nguo zilizoanikwa, zinatikisika tu. Njoo, mwanangu. Hata siku moja. Nikuangalie uso ningali na hili dirisha dogo, kisha urudi kwenye maji yako ya kuchemsha."

Muuza mkaa aligeuka upande, akajifanya anapanga makopo yake ya mkaa.

"Mama, huu ndio msimu wa watalii. Ndege zote zimejaa."

"Hata kiti kimoja?"

"Hata kimoja. Labda mwakani."

"Mwakani," alisema Bibi taratibu, kama fundi aliyepima kitambaa akakuta kimepungua. "Haya. Kazi kwanza. Mimi nitalitunza hili jicho. Nitakuwa nalifumba mchana, lisichakae."

Upepo ukavuma, ukaleta harufu ya vumbi lililolowa. Tone la kwanza likamwangukia mkononi.

"Mvua hii, mwanangu! Na nina gauni la watu mezani. Huko kwenu nako inanyesha?"

"Jua kali, mama. Hata wingu hakuna. Subiri kidogo, usikate."

Mama wa ghorofani aliifunika simu kwa kiganja, akavuta dirisha, maana matone yalikuwa yameanza kuingia na kulowesha kitabu cha watalii alichokuwa amekifungua mapajani. Chini, upande wa pili wa barabara, kikongwe mmoja alikuwa amelikumbatia gauni na kuipa mvua mgongo, simu kaibana kati ya sikio na bega, anasubiri.

"Dada," aliita kuelekea jikoni, "kimbia hapo chini ukamwambie yule fundi asiniloweshee nguo yangu."